Wafalme Hutwaa, Huyu Alisema "Twaeni"

Hotuba iliyotolewa kwa waamini walei katika sikukuu ya Kristo Mfalme. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba zangu, mama zangu, ndugu zangu vijana, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa kuzungumza juu ya maneno mawili: ufalme na sadaka. Nimekaa nayo wiki nzima, na kila nilipojaribu kuyaweka pamoja yalikataa. Mfalme ni mtu wa kupokea, watu humletea. Sadaka ni kitu cha kutolewa, huwekwa juu ya madhabahu na hairudi. Mfalme hukaa kwenye kiti. Sadaka hulazwa. Nani amewahi kuona mfalme amelazwa juu ya madhabahu ya watu wake mwenyewe?

Basi nawaomba mnishikie neno moja tu leo, ni kitenzi: kutwaa. Tutalifuata neno hilo katika Maandiko, tuone linatufikisha wapi.

Twende kwanza kwa Samweli. Mzee Samweli amechoka. Wanawe, Yoeli na Abiya, amewafanya waamuzi, nao wamegeuka wala rushwa. Wazee wa Israeli wanamwendea kule Rama wanamwambia: tupe mfalme, tuwe kama mataifa mengine. Hatuna haki ya kuwacheka wazee hawa. Wameona hukumu zikiuzwa. Wana maadui mipakani. Wanataka mtu atakayetoka mbele yao na kuwapigania vita vyao. Ni ombi la watu waliochoka, na ninyi mnajua uchovu wa namna hiyo.

Samweli anawajibu kwa neno la Mungu. Fungueni Samweli wa Kwanza, sura ya 8, msikilize kitenzi kinavyorudi. Mfalme mnayemtaka atawatwaa wana wenu, wakimbie mbele ya magari yake ya vita. Atawatwaa binti zenu wawe wapishi na waokaji. Atayatwaa mashamba yenu yaliyo mazuri, ya mizabibu na ya mizeituni, awape watumishi wake. Atatwaa sehemu ya kumi ya mbegu zenu. Atawatwaa watumwa wenu na punda wenu. Atatwaa sehemu ya kumi ya makundi yenu. Na mwisho wa yote: nanyi mtakuwa watumwa wake.

Mnasikia? Atatwaa, atatwaa, atatwaa. Samweli hazungumzii mfalme mbaya. Hasemi "mkipata mfalme katili". Anaeleza kazi ya mfalme kama ilivyo siku zote, hata mfalme akiwa mtu mwema. Na watu wakasema, hata hivyo, tunamtaka.

Wakapewa. Na aliye bora kuliko wote waliopewa aliitwa Daudi. Tunampenda Daudi, tunaimba zaburi zake kila siku. Lakini sikilizeni sura ya 11 ya Samweli wa Pili inavyoanza. Ulikuwa wakati wa mwaka ambapo wafalme hutoka kwenda vitani. Jeshi likaenda, na Daudi akakaa Yerusalemu. Mnakumbuka wale wazee waliomba nini? Mfalme atakayetoka mbele yetu. Sasa mfalme yuko juu ya dari ya nyumba yake, jioni, anatembeatembea. Akamwona mke wa Uria anaoga. Na Biblia inatumia neno lile lile: akapeleka wajumbe, akamtwaa.

Uria alikuwa wapi? Uria alikuwa vitani, mahali ambapo mfalme alitakiwa kuwa. Na alipoitwa nyumbani akakataa hata kulala kitandani kwake, kwa kuwa wenzake walikuwa wamelala uwanjani, Daudi akamwandikia jemadari barua, akampa Uria mwenyewe aibebe. Ndani ya barua hiyo kulikuwa na kifo cha Uria. Mtu anatembea na hukumu yake mkononi, amefunga vizuri, hajui, kwa sababu anamwamini mfalme wake.

Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Siwezi kupita haraka.

Lakini kuna Daudi mwingine, wa wakati wa shida, na ningependa tumtazame yeye pia. Yuko katika pango la Adulamu. Wafilisti wameweka kikosi Bethlehemu, mji aliozaliwa. Ana kiu, na akanong'ona kama mtu anavyokumbuka kwao: laiti mtu angeninywesha maji ya kile kisima kilicho karibu na lango la Bethlehemu! Hakuamuru. Alitamani tu. Mashujaa watatu wakasikia. Wakapenya katikati ya kambi ya Wafilisti, wakateka maji, wakarudi nayo.

Hebu jiwekeni mahali pa wale watatu. Wana vumbi, labda wana majeraha, wanamkabidhi mfalme wao maji. Naye anayatazama, hayanywi. Anayamimina chini mbele za Mungu. Anasema, je, ninywe damu ya watu hawa waliohatarisha nafsi zao?

Zamani nilidhani ni dharau. Watu wamekaribia kufa, na wewe unamwaga? Siku hizi naona kwamba pale Daudi alikuwa mfalme kuliko siku yoyote nyingine ya maisha yake. Aliona kwamba ndani ya yale maji kulikuwa na damu. Maji yalikuwa yamekuwa sadaka, na sadaka ya namna hiyo hailetwi kwa mwanadamu, hata akiwa mfalme. Akaikabidhi kwa mwenyewe.

Yule aliyemimina maji pangoni ndiye aliyekuja kumtwaa mke wa Uria akiwa ikulu. Mtu yule yule. Mna maswali juu ya hilo? Mimi ninayo. Nadhani pangoni alikuwa bado anaweza kuona damu ndani ya kikombe. Ukikaa juu muda mrefu, vikombe vinakuja vimeoshwa vizuri, huoni tena kilichomo.

Sasa tuingie katika Injili.

Katika Yohane sura ya 6 Yesu amewalisha watu elfu tano. Wameshiba. Wanataka kuja kumshika wamfanye mfalme. Yeye anakimbilia mlimani peke yake. Baadaye yuko mbele ya Pilato, mikono imefungwa, amekaa usiku mzima bila usingizi, wenzake wamemkimbia. Pilato anamwuliza, wewe u mfalme basi? Na hapo anakubali. Wewe wasema kwamba mimi ni mfalme; mimi nimezaliwa kwa ajili ya haya.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Alipokuwa na umati ulioshiba alilikataa jina la mfalme. Alipokuwa amefungwa kamba akalikubali. Kwa nini? Kwa sababu pale kwenye mkate jina hilo lilikuwa bado na maana ya Samweli. Wale watu walitaka mfalme wa kuwapa leo na kuwatwaa kesho, kama wote. Mbele ya Pilato hakuna aliyeweza tena kukosea maana yake. Ufalme wangu si wa ulimwengu huu, alisema. Wengi huusoma mstari huo kama kwamba ufalme wake uko mbali sana, juu ya mawingu, haugusi siasa wala mshahara wala nyumba. Sivyo anavyoeleza yeye mwenyewe. Anasema, kama ungekuwa wa ulimwengu huu, watumishi wangu wangenipigania. Ndiyo tofauti aliyoitaja: watumishi hawafi kwa ajili ya mfalme huyu ili yeye apone. Yeye anakufa, wao wanaachwa waende zao. Kule bustanini alisema hivyo hasa: kama mnanitafuta mimi, waacheni hawa waende zao.

Huyu ametoka mbele yao. Wazee wa Rama hatimaye wamepata walichoomba.

Na usiku ule ule, kabla ya bustani, ilikuwepo meza. Yesu alitwaa mkate. Mnasikia kitenzi? Mfalme naye anatwaa. Alitwaa mkate, akaubariki, akaumega, akawapa, akasema: Twaeni, mle, huu ndio mwili wangu.

Twaeni!

Tangu Samweli hadi usiku ule mfalme ndiye anayetwaa na watu ndio wanaotwaliwa. Hapa kitenzi kimegeuka. Mfalme anawaambia raia, twaeni ninyi. Mtwaeni nani? Mimi. Kila Misa tunayasikia maneno haya, na tumeyazoea mno. Nawaomba Dominika ijayo, padre atakapoyatamka, mkumbuke orodha ya Samweli: wana, binti, mashamba, mbegu, punda. Halafu msikie: twaeni.

Yohane hatuelezi mkate katika sura ya 13, anatueleza kitu kingine Yesu alichotwaa usiku ule. Aliweka kando mavazi yake, akatwaa kitambaa, akajifunga kiunoni, akatia maji katika bakuli, akaanza kuwatawadha wanafunzi miguu. Petro akakataa. Petro alikuwa anajua ufalme ni nini, ndiyo maana alikataa. Wewe hutanitawadha miguu kamwe! Sisi wenye kusema Kiswahili tuna msemo, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeusikia ukitumiwa kwa watu wanaotafuta kazi au mali. Usiku ule aliyeinama ni Mwana wa Mungu. Alikuwa anatafuta nini huko chini? Miguu ya Petro ilikuwa huko. Miguu ya Yuda pia ilikuwa huko, na Yuda alikuwa hajatoka bado. Akaiosha.

Na Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anatupa neno hilo kwa mara nyingine: akatwaa namna ya mtumwa. Basi hayo ndiyo mapato ya mfalme huyu. Mkate autoe. Kitambaa awafute watu miguu. Sura ya mtumwa aivae.

Ndugu zangu, sikukuu hii tunayoiadhimisha si ya kale sana. Aliiweka Papa Pius XI kwa waraka wake wa tarehe 11 Desemba 1925, kwanza ikiwa Dominika ya mwisho ya Oktoba, na baada ya mabadiliko ya kalenda mwaka 1969 ikahamia Dominika ya mwisho ya mwaka wa liturujia. Fikirini mwaka ule wa 1925. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vimetwaa mamilioni ya wana wa watu. Kaisari wa Urusi ameanguka, wa Ujerumani ameanguka, wa Austria ameanguka. Na mahali pa viti vilivyoanguka walikuwa wanainuka watawala wa aina mpya, waliotaka kumtwaa mtu mzima, mwili na dhamiri. Kanisa likasema katika saa hiyo: mfalme yupo, na amevaa miiba.

Sasa wale ndugu wawili. Yakobo na Yohane, wana wa Zebedayo. Katika Marko sura ya 10 wanamwomba Yesu: utujalie tuketi, mmoja mkono wako wa kuume na mmoja mkono wako wa kushoto, katika utukufu wako. Wale kumi wengine wakakasirika. Sijui kama walikasirika kwa sababu ombi lilikuwa baya au kwa sababu waliwahiwa! Yesu akawaambia, hamjui mnaloliomba.

Hawakujua nini? Marko hasemi pale pale. Anasubiri. Anatutembeza hadi sura ya 15, tumeshasahau, halafu anaandika: wakasulibisha pamoja naye wanyang'anyi wawili, mmoja mkono wake wa kuume na mmoja mkono wake wa kushoto. Maneno yale yale! Hiki ndicho kiti. Hapa ndipo penye utukufu ambao wale ndugu waliuomba, na zile nafasi mbili zilikuwa hizi. Walikuwa wanaomba kusulibiwa, na hawakujua.

Mara ngapi sisi tumeomba nafasi hizo? Katika kamati, katika kwaya, katika uongozi wa jumuiya. Tunagombana juu ya nani atakaa karibu na meza kuu, tukidhani ni meza. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeona jumuiya zikivunjika, marafiki wa miaka wakiacha kusalimiana, kwa ajili ya kiti.

Juu ya kichwa cha Yesu msalabani Pilato akaweka anwani: Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi. Kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani, lugha ya dini, lugha ya dola na lugha ya soko. Makuhani wakuu wakalalamika. Pilato, mtu aliyeyumba asubuhi nzima, hapo tu alisimama imara: niliyoandika nimeyaandika. Askari walikuwa wamekwisha kumvika taji na joho la zambarau kwa kumdhihaki. Kila kitu cha kumtawaza mfalme kilikuwepo, na waliokifanya hawakujua wanachofanya.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya neno sadaka, kwa sababu lugha yetu ina hazina na pia ina mtego.

Tuna maneno matatu. Dhabihu, limetoka katika Kiarabu cha kuchinja, na madhabahu ni mahali pa kuchinjia. Kwa hiyo kila unapotamka madhabahu umetaja kisu. Sadaka, nalo limetoka katika mzizi wenye maana ya ukweli, mzizi ule ule uliotupa kusadiki. Tunapokiri "Nasadiki kwa Mungu mmoja" na tunapotoa sadaka tunatumia ndugu wa tumbo moja. Na la tatu ni kafara. Hili ndilo lenye mtego. Mtu akisema "fulani alitolewa kafara", sote tunaelewa. Kuna mkubwa aliyeponea, na kuna mdogo aliyekufa ili mkubwa apone. Uria alitolewa kafara.

Na Kayafa, kuhani mkuu, alitaka kumfanyia Yesu hivyo hivyo. Yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Yohane anasema maneno yale yalikuwa unabii, na kweli yalikuwa. Lakini katika kinywa cha Kayafa yalikuwa hesabu tu. Mtu mmoja afe, sisi tubaki na nafasi zetu na hekalu letu.

Yesu alikuwa ameshajibu kabla ya Kayafa kusema. Katika sura ya 10 ya Yohane anasema juu ya uhai wake: hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe. Sikilizeni vizuri. Hakuna aliyemtwaa. Walidhani wamemtwaa. Yeye alikuwa ameshajitoa usiku uliotangulia, mezani, kwa mkono wake mwenyewe, na askari walipokuja bustanini walimkuta ameshatolewa. Ndiyo tofauti kati ya kafara na sadaka. Kafara anatolewa na mwingine. Sadaka ya Kristo ni Mfalme na kuhani na mwana-kondoo katika nafsi moja. Katika Israeli mambo haya yalitengwa: wafalme wa Yuda, makuhani wa Lawi, na mfalme Uzia alipothubutu kuingia hekaluni kufukiza uvumba alitoka na ukoma kwenye paji la uso. Mfalme hakuruhusiwa kushika kisu cha madhabahu, nami nadhani ilikuwa rehema. Mfalme mwenye kisu na madhabahu atamlaza nani? Huyu mmoja tu aliaminiwa vyote viwili, kwa sababu alijilaza mwenyewe.

Na sasa lazima niwaambie jambo linalonilemea. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alinijia. Alikuwa anapigwa nyumbani. Alikuwa na alama. Aliniuliza afanye nini, na mimi, niliyekuwa najiona mwalimu wa dini, nikamwambia: mama, vumilia, huo ndio msalaba wako, mtolee Mungu iwe sadaka. Akainamisha kichwa, akaondoka. Nikajiona nimesema neno la kiroho.

Nilikuwa Kayafa. Nilikuwa namtoa yule mama kafara kwa ajili ya amani ya nyumba ile na jina zuri la watu wake, na nikaiita kafara ile kwa jina la Kristo. Sadaka haiwezi kuamriwa na anayefaidika nayo. Mwenye kupiga hawezi kumhubiria anayepigwa juu ya msalaba, wala mimi niliyekaa salama sikuwa na haki hiyo. Nilipaswa kumwambia: mama, toka humo, nitakusindikiza. Baadaye alitoka, kwa msaada wa wengine waliokuwa na akili kuliko mimi. Nilimfuata kumwomba radhi. Alinisamehe, na ule msamaha ndio ulikuwa sadaka, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaofundisha, ninyi mnaoongoza vikundi vya sala, ninyi wazazi: msimpe mtu msalaba mliouchonga ninyi. Yesu alisema ajitwike mtu msalaba wake. Hakusema tumtwike jirani.

Nina hadithi moja bado, ya karne ya 2, katika mji wa Smirna. Askofu mzee, Polikarpo. Mateso yanaanza, na mtu mmoja, Quintus, akajipeleka mwenyewe kwa watawala kwa ushujaa mwingi. Alipowaona wanyama wakali akatetemeka, akakubali kutoa sadaka kwa miungu ya dola. Wakristo wa Smirna walioandika habari hizo walisema wazi kwamba hawawasifu wanaojipeleka. Polikarpo yeye alikubali ushauri wa rafiki zake, akaenda kujificha shambani. Hakuwa na haraka ya kufa. Mtu mwenye haraka ya kufa huwa anataka kutwaa kitu: anataka kutwaa utukufu.

Askari wakamfuata, wakamkuta usiku. Angeweza bado kukimbia, akakataa. Akashuka kuzungumza nao. Na unajua alifanya nini? Akaagiza wapewe chakula na kinywaji, kadiri watakavyo! Waliokuja kumtwaa, akawaandalia meza. Akaomba tu saa moja ya kusali, akasali saa mbili, mpaka baadhi yao wakajuta kwamba wametumwa kumkamata mzee kama huyo.

Kesho yake uwanjani liwali akamwambia, mtukane Kristo nami nitakuachia. Akajibu: miaka 86 nimemtumikia, wala hajanitendea ubaya wowote, nawezaje kumtukana Mfalme wangu aliyeniokoa?

Mfalme wangu. Angeweza kuchagua jina lolote: Mwalimu, Bwana, Mchungaji. Alichagua lile ambalo liwali angelielewa haraka na kulichukia zaidi. Na angalieni sababu aliyotoa. Hakusema, ni mwenye nguvu kuliko Kaisari. Alisema, miaka 86, hajanitendea ubaya. Mfalme ambaye kwa miaka 86 hajatwaa kitu chake hata kimoja. Mzee amepekua maisha yake yote mbele ya moto na hakuona mkono wa Mfalme ukimnyang'anya mahali popote.

Ndugu zangu, siku ya Ubatizo tulipakwa krisma takatifu kichwani, na Kanisa likasema tumeunganishwa na Kristo kuhani, nabii na mfalme. Sijui kama mnakumbuka, wengi wetu tulikuwa wachanga tukilia. Ninyi mliomo humu ni wafalme, na sisemi kwa kupamba hotuba. Kila mmoja ana mahali pake anapotawala, hata kama ni mtoto mmoja tu anayemlea, au mfanyakazi mmoja aliye chini yake, au mgonjwa anayemtegemea kugeuzwa kitandani. Mahali hapo unatawala. Hapo una uwezo wa kutwaa na hakuna atakayekuzuia: muda wa mtu, jasho lake, heshima yake, ujana wake. Mimi ninaona ugumu wa jambo hili kila siku. Kutwaa kunakuja chenyewe, mkono unakwenda kabla ya mawazo. Kutoa kunahitaji kuamka.

Na anayetoa haishiwi? Mnaniuliza kwa macho, naona. Kuna mama hapa ametoa mpaka amebaki mifupa. Kwake yeye sina hotuba, nina mstari ule wa Yohane, na nawaomba msikie nusu yake ya pili, ambayo sikuisoma: ninao uweza wa kuutoa, ninao na uweza wa kuutwaa tena. Kitu cha mwisho alichotwaa Mfalme ni uhai wake, alfajiri, siku ya tatu, kaburini. Naye hakuutwaa ili akae nao peke yake.

Nimalizie pale pale msalabani, kwenye ile nafasi moja ya pembeni. Yupo pale mnyang'anyi. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kutwaa vya watu. Sasa mikono yake iko mtini, haifiki popote, hawezi kutwaa tena kitu chochote. Amebaki na kinywa. Mitume wamekimbia, Petro amekana, wana wa Zebedayo wameziacha nafasi zao. Huyu mtu anageuza kichwa, anamwona jirani yake anavuja damu, ana miiba kichwani, yuko uchi kama yeye, na anamwambia neno ambalo hakuna mwingine aliyelisema kwa imani saa ile.

"Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako."

Mfalme akampa.

"Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."